Noti ghushi, si noti bandia

Agosti 2024 Benki Kuu ya Kenya ilipotangaza noti zenye saini ya Gavana Kamau Thugge na uzi mpya unaobadilika rangi, maswali yalienea upesi, kuanzia masoko ya Thika hadi steji za Ruiru. Je, za awali zitafutwa, kama elfu moja ya zamani ilivyofutwa 2019? Hazikufutwa. Benki Kuu ilisema zote zingetumika pamoja.

Wengine waliuliza jinsi ya kuitambua noti iliyochapwa na wahalifu, nayo iliitwa feki mtaani na bandia redioni. Feki haina ubaya. Bandia ndiyo inayonikera. Bandia ni mwanasesere wa mtoto. Ni meno, mguu au maua yaliyotengenezwa yashike nafasi ya yale ya asili. Mwenye meno bandia anajua alichonunua, wala fundi wake hakumficha kitu. Lakini anayechapa noti usiku anataka mama mboga asijue kabisa. Uovu huo una kitenzi chake, kughushi, na hila imo ndani ya neno lenyewe. Ndiyo maana husemwa mtu ameghushi saini, cheti au hatimiliki ya shamba.

Kwa hiyo, mpokea noti, papasa maandishi yaliyoinuka, imulike uone kichwa cha simba, kisha iinamishe uzi ubadilike rangi. Nanyi wahariri na watangazaji, nawasihi: andikeni na mseme noti ghushi.