Sululu wa Msituni na Wawindaji wa Uingereza

Wasomaji wamekwisha soma mara nyingi habari za wafalme wa Uingereza na vita vyao. Leo napenda kueleza habari za ndege mmoja wa mwituni, na za watu waliomwinda kwa miguu katika mashamba ya nchi ile. Jambo lenyewe ni dogo, lakini ndani yake mna swali ambalo kila mwanakijiji amepata kujiuliza: ndege wa porini ni mali ya nani?

Ndege huyu Waingereza humwita woodcock, maana yake jogoo wa msituni, ingawa si wa jamii ya kuku. Yeye ni ndugu wa sululu, yule ndege wa pwani mwenye mdomo mrefu. Basi na tumwite sululu wa msituni. Uzani wake wapata gramu 300. Rangi yake ni kama ya majani makavu, hata akilala chini ya miti mtu aweza kumpita karibu asimwone. Macho yake yamewekwa juu na nyuma ya kichwa, naye huona pande zote pasipo kugeuka. Mchana hujificha, jua likichwa hutoka kwenda malishoni, akachoma mdomo wake katika udongo laini na kuvuta nyungunyungu. Ncha ya mdomo ule hufunguka peke yake ndani ya udongo, kama koleo ndogo ya mhunzi.

Wengi wa ndege hawa huonekana Uingereza wakati wa baridi tu. Huzaliwa Urusi, Skandinavia na nchi za Baltiki. Ardhi ya huko ikiganda hawapati chakula, ndipo huvuka bahari usiku, wakafika Uingereza na Ireland, hasa katika mwezi wa Novemba. Watu wa kale waliona msitu mtupu jioni, na asubuhi umejaa ndege, wakastaajabu. Charles Morton, mchungaji na mwalimu wa karne ya 17, alitafakari maneno ya nabii Yeremia juu ya ndege wajuao majira yao, akaandika kwamba ndege wahamao huenda mwezini. Tusimcheke, maana hakuwa na njia ya kuwafuata. Katika miaka yetu hii wataalamu wamewafunga ndege hawa vyombo vidogo vya kupeleka habari, wakawafuata toka Cornwall hadi Siberia, safari ya maelfu ya kilomita.

Kabla ya bunduki kuenea, watu waliwakamata kwa tanzi na nyavu. Walikata njia pana katikati ya msitu, wakatundika wavu juu kati ya miti miwili, wakangoja saa ya magharibi ndege watokapo. Mpaka leo kuna mahali Uingereza paitwapo Cockshoot, kwa kumbukumbu ya njia zile. Kwa kuwa ndege huyu hunaswa upesi, watu walimfanya mfano wa mjinga. Hata Shakespeare katika mchezo wake wa Hamlet ataja tanzi za kumnasa. Nyama yake ilisifiwa sana. Alichomwa mzima pamoja na matumbo yake, akawekwa juu ya kipande cha mkate. Na manyoya yake mawili madogo yenye ncha kali, moja katika kila bawa, wachoraji wa picha ndogo waliyatumia kama brashi.

Sasa tuangalie sheria. Mwaka 1671 Bunge la Uingereza liliamuru kwamba mtu asiwinde kwale wala sungura ila awe na ardhi yake mwenyewe yenye kuleta paundi 100 kwa mwaka, au ardhi ya kukodi yenye kuleta paundi 150. Hivyo mkulima mdogo aliweza kuona sungura akila mboga zake asiwe na ruhusa ya kumpiga. Mwaka 1723 ikaja sheria nyingine kali mno, iliyoweka hukumu ya kifo kwa makosa mengi ya watu waliokwenda kuwinda wamejipaka masizi usoni. Wenye mashamba makubwa walitega mitego ya chuma ya kukamata watu, na bunduki zilizofungwa kamba, ili mwivi akikanyaga kamba apigwe. Bunduki hizo hazikuweza kumtambua mwivi na mtoto aokotaye kuni, na mwaka 1827 zikakatazwa. Tena Bunge lilipitisha sheria zaidi ya 5,000 kati ya mwaka 1604 na mwaka 1914 za kuzungushia ua ardhi iliyokuwa ya watu wote. Maskini wakapoteza malisho, na pamoja nayo wakapoteza kitoweo.

Mwaka 1831 sheria ya kale ya mali iliondolewa. Mtu yeyote aliweza kuwinda akinunua cheti na kupata ruhusa ya mwenye ardhi. Lakini ada ya cheti ilikuwa nzito kwa kibarua. Na sheria hiyo ilimtaja sululu wa msituni kwa jina: aliyeingia mchana katika ardhi ya mwingine bila ruhusa kumfuata ndege huyu aliweza kutozwa faini hadi paundi 2. Basi ndege aliyezaliwa Urusi, ambaye hakulishwa na mtu yeyote, alipotua tu chini ya mti wa tajiri, kumfuata kukawa kosa.

Juu ya bunduki pia kuna jambo la kukumbuka. Bunduki za gumegume zilitoa cheche kabla ya baruti kuwaka, na ndege walipoona mwanga ule waliruka au kupiga mbizi. Alexander Forsyth, mchungaji wa Belhelvie katika Scotland, aliyependa kuwinda ndege wa majini, aliudhika kwa jambo hilo. Akafanya majaribio ya dawa iwakayo kwa kugongwa, na mwaka 1807 akapewa hati ya uvumbuzi wake. Kutoka kazi ya mchungaji huyu zilitokea bunduki za fataki, ambazo baadaye zilichukuliwa na majeshi ya dunia. Kitu kilichoanzishwa kwa ajili ya bata kiliishia kuwaua watu.

Uwindaji wa kutembea ulikuwa na desturi yake. Mtu alitoka asubuhi na bunduki ya marisau na mbwa mmoja, pengine na jirani yake. Mbwa mdogo aitwaye cocker alipata jina lake kwa kazi ya kumfurusha ndege huyu kutoka vichakani. Walifuata kingo za mashamba, mitaro, na vichaka vya miiba. Jioni walirudi na sungura mmoja, njiwa wawili, na kama wamebahatika, sululu mmoja. Au walirudi mikono mitupu. Mwindaji wa namna hii alilazimika kujua upepo unatoka wapi, chemchemi ipi haigandi, na ni upande gani wa msitu ndege hulala baridi ikizidi.

Richard Jefferies, mtoto wa mkulima mdogo wa Wiltshire, aliyezaliwa mwaka 1848, ameandika kumbukumbu hizo katika kitabu chake kiitwacho The Amateur Poacher, kilichotoka mwaka 1879. Humo aeleza jinsi alivyozurura utotoni na bunduki kuukuu, na jinsi hatimaye alivyozoea kuwatazama wanyama, hata mara nyingi akaacha kupiga.

Matajiri walikuwa na njia nyingine. Waliajiri watu wengi wa kuwafukuza ndege, nao wakasimama mahali pamoja na kupiga. Katika shamba la Ashford, Ireland, mwezi wa Januari 1910, sululu 228 waliuawa kwa siku moja. Na tarehe 18 Desemba 1913, mahali paitwapo Hall Barn, Mfalme George wa Tano na wenzake waliua zaidi ya ndege 3,900 kwa siku moja. Yasemekana mfalme mwenyewe alimwambia mwanawe njiani kwamba labda siku ile walipita kiasi. Miezi michache baadaye vita ikaanza, na vijana wengi wa nchi ile hawakurudi kwao.

Baada ya vita ya pili mashamba yalibadilika. Trekta zilitaka nafasi, na nyua nyingi za miti ziling'olewa. Sululu wazaliao Uingereza wenyewe wamepungua: mwaka 2003 madume yalihesabiwa kuwa yapata 78,000, na mwaka 2013 yapata 55,000. Wataalamu wanataja mabadiliko ya misitu na kukauka kwa ardhi; wawindaji wengine wamechagua kungoja hata mwezi wa Desemba, wageni wa ng'ambo wakiisha kufika, wasije wakaua wenyeji wachache waliosalia.

Habari hizi zatuhusu sisi pia. Mwaka 1896 serikali ya Wadachi iliweka vyeti vya kuwinda katika nchi yetu, na mwaka 1900 mataifa ya Ulaya yalitia sahihi huko London mapatano juu ya wanyama wa Afrika. Mawazo ya kale ya Uingereza juu ya mawindo yalivuka bahari kama yule ndege. Wazee wetu waliotega kwale na kanga kando ya mashamba yao wakajikuta wahalifu, kama kibarua wa Wiltshire.

Kwa hiyo yafaa tushike mambo mawili pamoja. Sheria imwachiayo tajiri kuua mamia, na kumfunga maskini kwa mmoja, haiwalindi ndege ila yalinda karamu. Lakini pia ndege asiye na mlinzi hupotea, awe wa tajiri au wa maskini. Waliomjua sululu vizuri ni wale waliomfuata kwa miguu na kurudi mara nyingi bila kitu. Na tuwaulize wazee wetu, wangali hai, ni ndege gani waliokuwapo kando ya mashamba yetu, na ni wapi walipolala. Kisha tuyaandike majibu yao. Mali bila daftari hupotea bila habari.