Peugeot 404: Ushindi Unaosubiri Mnunuzi wa Chuma Chakavu

Nyuma ya gereji moja hapa Chanika, chini ya mwembe, imelala bodi ya Peugeot 404. Haina injini wala milango ya nyuma, na kuku hutagia pale palipokuwa na kiti cha abiria. Juma lililopita nilimwuliza kijana anayejifunza ufundi pale kama anajua gari hilo lilikuwa nini. Akanijibu kwa adabu: "Ni skrepa tu, mwalimu. Tunasubiri mtu wa kupima kilo."

Jibu lake limenisumbua tangu siku ile. Sidai kwamba bodi hiyo iliwahi kushindana popote. Lakini magari ya aina yake yaliipa Tanzania, kwa miaka miwili mfululizo, ushindi katika mashindano magumu kuliko yote ya magari Afrika Mashariki.

Mashindano hayo yalianza mwaka 1953 kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1960 yakapewa jina la East African Safari. Hayakuwa na uwanja maalumu: magari yalikimbia wakati wa Pasaka, masika yakiwa yameanza, katika barabara zilezile za vumbi na matope walizopita wakulima na mabasi, umbali wa takriban kilomita 5,000. Miaka ya mwanzo magari yaligawanywa katika madaraja kwa kufuata bei yake dukani. Kilichopimwa kilikuwa gari ambalo mtu angeweza kulinunua.

Katika mazingira hayo Peugeot 404 ilifaa kuliko magari mengi ya kifahari. Ilitoka kiwandani Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limesanifiwa na Pininfarina wa Italia. Injini yake ya sentimita za ujazo 1,618 ililazwa upande kwa nyuzi 45 ili boneti iwe chini. Springi zake zilikuwa laini na ndefu, zikayameza makorongo yaliyovunja magari mengine. Betri ikifa, uliiwasha kwa hendeli. Watu wetu waliiita Pijo, nayo ilibeba maofisa, wagonjwa na abiria wa masafa marefu.

Mwaka 1963 magari 84 yalianza safari; yakamaliza 7. Walioshinda ni Nick Nowicki na Paddy Cliff wa Kenya, kwa Peugeot 404. Mwaka 1968 yalianza 93, yakamaliza tena 7, na washindi wakawa walewale kwa gari la aina ileile. Katikati ya ushindi huo wa Kenya, mwaka 1966 na 1967, alishinda Bert Shankland, mzaliwa wa Scotland aliyeishi Dar es Salaam, pamoja na msoma ramani wake Chris Rothwell. Gari lao? Peugeot 404. Ushindi wa pili ulikuja wiki chache tu baada ya Azimio la Arusha.

Kwa nini tumesahau? Sababu ya kwanza ni ya kitabaka na kirangi. Madereva wengi walikuwa Wazungu na Waasia, na katika nchi iliyokuwa inajenga ujamaa, mchezo huo ulionekana kuwa anasa ya walowezi. Hoja hiyo ina ukweli. Hata hivyo, dereva peke yake hakulifikisha gari mwisho. Kulikuwa na mafundi, na kulikuwa na wanakijiji waliolisukuma kutoka kwenye tope usiku wa manane. Tukiitupa historia hiyo kwa sababu ya aliyeshika usukani, tunawatupa na hao.

Sababu ya pili ni ya kisiasa. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 mashindano yalikuwa yamebaki ndani ya Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Tuligawana ndege na mabehewa. Kumbukumbu nazo zikagawanyika. Kenya imeyatunza mashindano yake, na mwaka 2021 yakarejea katika ubingwa wa dunia. Sisi tumebaki na mabodi chini ya miembe.

Wanafunzi wangu huisoma Jumuiya kupitia mikataba na hotuba. Wanajua ilitiwa saini lini na nani, lakini hawajawahi kugusa kitu kilichovuka mipaka yake kwa siku chache za Pasaka. Kwa mwanahistoria, chuma nacho ni waraka, na waraka huu huuzwa kwa kilo.

Nimemwomba mwenye gereji asiiuze bodi ile kabla hatujaipiga picha, kunakili namba ya chesisi na kurekodi simulizi za mafundi wazee wanaoikumbuka barabarani. Amenipa mwezi mmoja.