347, Ayeeyo

Nyumbani kwetu Bula Iftin, mjini Garissa, barua hazikusomwa; zilisikilizwa. Abti, yaani mjomba wangu, aliyefanya kazi Jeddah alijaza kaseti ya dakika 60: upande wa kwanza salamu, wa pili mambo yenyewe, yaani pesa, ndoa na ngamia. Kaseti ilisafiri mfukoni mwa mtu hadi Nairobi, kisha ikavuka daraja la Tana kwa basi.

Kisomali kilipata maandishi rasmi ya herufi za Kilatini mwaka 1972, tena ng'ambo ya mpaka, Somalia. Huku kwetu shule zilifundisha kwa Kiswahili na Kiingereza. Ayeeyo, bibi yangu, alikuwa na mashairi mengi kichwani na hakujua herufi hata moja. Kaseti, ambayo Philips waliitoa mwaka 1963, ndiyo iliyokuwa kalamu yake.

Kazi yangu utotoni ilikuwa kumtafutia mahali alipotajwa jina, maana alipenda kupasikia tena na tena. Redio kaseti yetu ilikuwa na kaunta ya tarakimu tatu na kitufe cha kuirudisha kwenye sifuri. Niliandika kwenye karatasi ya jalada: "347, Ayeeyo". Siku moja tuliipeleka kaseti kwa jirani mwenye redio kubwa zaidi. Nikaipeleka mbele hadi 347, nikabonyeza, na sebule nzima ikasikia habari za deni la mjomba. Baadaye ndipo nilipoelewa: kaunta haikuhesabu dakika bali mizunguko ya gurudumu la utepe, na kila mashine ilihesabu kwa uwiano wake. Alama yangu ilikuwa ya redio yetu tu, haikuwa ya kaseti.

Nilipoingia kazi ya redio, mhariri mmoja mzee, aliyeanza enzi za Sauti ya Kenya kabla haijawa KBC mwaka 1989, alinionyesha mashine ya tepu kubwa. Utepe ulipita kwa kasi ya sentimita 19 kwa sekunde, kwa hiyo neno la nusu sekunde lilikuwa na urefu unaopimika kwa rula. Aliuvuta kwa mkono mbele na nyuma, sauti ikinguruma, mpaka mwanzo wa neno ukafika kwenye kichwa cha kusomea. Hapo akaweka alama kwa penseli ya nta, akakata kwa wembe, mkato wa mshazari ili kiungo kisilie, kisha akabandika. Alama hiyo ilikaa kwenye utepe wenyewe. Ungeipeleka mashine yoyote ungeikuta palepale. Kasoro yake ni moja: mstari wa nta hukuonyesha wapi, haukuambii nini.

Hayo mawili, wapi na nini, yalikutana kwenye kompyuta. Audacity, iliyotolewa bure mwaka 2000 kutoka Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ilitufikia hata sisi tusio na pesa za programu. Unabonyeza Ctrl na B, lebo inatokea chini ya wimbi la sauti, unaandika jina. Ukitaka, lebo hushika kipande kizima, mwanzo hadi mwisho. Orodha yote huhifadhiwa kama faili la maandishi, na vipande hutolewa kwa mkupuo mmoja, kila kimoja kikibeba jina la lebo yake.

Ukame wa 2011 uliposukuma watu wengi kuvuka mpaka hadi kambi za Dadaab, nilirudi na rekodi za saa nyingi: baraza la maji, akina mama kwenye foleni, wachungaji waliopoteza mifugo. Kwa haraka nilibonyeza lebo arobaini bila kuandika neno. Usiku ule nilisikiliza kila kitu upya, kama yule mtoto mbele ya jirani.

Tangu hapo siandiki "1, 2, 3". Naandika "Mzee wa Wajir: kisima kimekauka". Na wewe unayehariri, andika nani kasema nini, kwa maneno ambayo mwenzako atayaelewa wewe ukiwa safarini. Namba tupu huijua aliyeiandika tu, siku ile, kwenye mashine ile.