Chaki Isiyoandika

Mtume kijana wa Msimbu, kule Kisarawe, akuletee chaki, na atakimbilia shuleni. Mtume ndani ya karakana yenye mashine ya kukereza, atakuletea pande la chuma lenye meno manne. Mafundi hawana tabu na neno hilo. Anayekwama ni mwandishi wa kitabu cha ufundi.

Wachongaji wa Kizaramo, waliosifika kwa sanamu za mwanahiti, huchonga: mti umetulia, tezo ndiyo inayotembea. Mchongaji anaweza kukaa chini akaushika mti kwa nyayo zake mbili, akaugeuza apendavyo. Kukereza ni kinyume chake. Patasi imelala kwenye egemeo na mti ndio unaozunguka, mara mamia kwa dakika. Hapo nyayo hazifai, ndipo chaki inapoingia.

Wapo watakaoiita kibano. Neno zuri, ila linasema nusu ya kazi. Meno yake hukutana yakabana ulimi uliochongwa, samahani, uliokerezwa kwenye kitako cha bakuli. Meno hayohayo hutanuka ndani ya shimo la duara chini ya sahani, yakaishika kwa kusukuma nje. Kitu kinachoshika kwa kutanuka ukikiita kibano utajikwaa. Jiliwa lina mwenyewe, lile lililofungwa kwenye meza ya seremala, na ukisema kishikio watu watafikiria mpini. Mimi nachagua kikamatio, maana kukamata hakubagui ndani na nje.

Ukienda kununua, anza na thredi. Mashine nyingi za Ulaya zina mhimili wa milimita 33 wenye hatua ya milimita 3.5, nyingi za Marekani ni inchi moja, thredi 8 kwa kila inchi. Cha huku hakiingii kule bila adapta. Kisha hesabu meno. Matatu ni ya wakereza chuma. Hushika vizuri fimbo ya duara au ya pembe sita, lakini mti hutoka kwenye msumeno na pembe nne, nao unataka meno manne yanayosogea kwa pamoja.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji sana ni kipenyo cha ulimi. Meno hushika vyema yanapokaribia kufunga, yakaunda duara. Yakiwa wazi mno, kila jino hugusa kwa ncha zake mbili tu, na ncha nane hutafuna mti laini kama mwembe. Ulimi nao usiguse sakafu ya kikamatio. Bega la bakuli ndilo likae juu ya meno, la sivyo litacheza.

Mwembe ukiwa mbichi, usiuamini usiku mmoja. Ukiuacha umefungwa hadi asubuhi, ulimi utakuwa umenywea na kuchukua umbo la yai. Kaza upya, toa ufunguo, ndipo uwashe.