Maungamo na Uraibu wa Ngono: Historia ya Ushirika wa Hatua Kumi na Mbili

1. Utangulizi

Kila mchungaji amepata kukutana na mshiriki aliyetengwa kwa ajili ya dhambi ya uzinzi, akaungama, akarudishwa kundini mbele ya usharika. Kwa wengi habari huishia hapo. Lakini wako wengine ambao hujuta kwa kweli, huapa, kisha huanguka tena baada ya majuma machache, mpaka hatimaye huacha kuungama na kuanza kujificha. Huyu si mtu asiyejua amri ya sita. Anaijua, anaipenda, wala hawezi kuishika. Je, Kanisa lina neno gani kwake zaidi ya kumtenga tena?

Makala hii yaeleza historia ya njia moja iliyowasaidia watu wa namna hii, nayo ni ushirika wa hatua kumi na mbili. Njia hiyo ilikomaa nje ya Kanisa, lakini mzizi wake mmoja unapita katika mikono ya mchungaji wa Kilutheri, na tendo lake la katikati ni lile ambalo Walutheri tulilirithi, kisha tukaliacha lififie, yaani maungamo ya siri.

2. Barua sita za Keswick

Frank Buchman alizaliwa mwaka 1878 huko Pennsylvania, Marekani, akabarikiwa kuwa mchungaji wa Kilutheri mwaka 1902. Katika mji wa Philadelphia aliongoza nyumba ya vijana wa kiume, akagombana na halmashauri yake kwa sababu ya matumizi ya fedha, akajiuzulu akiwa na uchungu mwingi. Mwaka 1908 alikwenda Keswick, Uingereza, na katika kanisa dogo akamsikia Jessie Penn-Lewis akihubiri juu ya msalaba. Alitambua kwamba kinyongo chake juu ya wale wajumbe sita kilikuwa dhambi yake mwenyewe, akamwandikia kila mmoja barua ya kuomba msamaha.

Tangu hapo mahubiri yake yakashika mambo mawili: kumwungamia mwenzako, na kutengeneza ulichoharibu. Tukumbuke kwamba mafundisho ya Keswick ndiyo pia yaliyowalea wamisionari wa Kianglikana wa Rwanda, ambako uamsho wa miaka ya 1930 ulitokea na kuenea hata kwa Walutheri wa Buhaya. Mwungamo wa hadharani tunaoufahamu katika uamsho, na ule wa vikundi vya Buchman, vilikunywa maji ya kisima kimoja.

Lakini maungamo yaweza kugeuzwa kuwa mzigo. Katika miaka ya 1920 wafuasi wa Buchman katika Chuo Kikuu cha Princeton walilalamikiwa kwamba wanawasukuma wanafunzi kuungama dhambi za zinaa, na mkuu wa chuo akamzuia Buchman asifanye kazi humo. Hili ni onyo la kwanza la historia hii: siri ya mwili ikitolewa kwa shuruti haiponyi.

3. Akron, mwaka 1935

Vikundi vya Buchman, vilivyojulikana kama Oxford Group, vilimfikia mlevi mmoja wa New York aitwaye Bill Wilson, aliyeacha pombe mwezi Desemba 1934. Mwaka uliofuata, akiwa safarini katika mji wa Akron, Ohio, alishikwa na tamaa ya kunywa tena. Alitafuta mlevi mwenzake wa kuzungumza naye, akampata daktari Bob Smith. Kutokana na mazungumzo ya hao wawili ulizaliwa ushirika wa Alcoholics Anonymous, yaani Walevi Wasiotajwa Majina. Katika siku za kwanza huko Akron, Waraka wa Yakobo ulipendwa sana miongoni mwao.

Hatua kumi na mbili zilichapishwa katika kitabu chao mwaka 1939. Mtu hukiri kwamba hana nguvu. Hujikabidhi kwa Mungu kadiri anavyomfahamu. Huandika hesabu ya maisha yake. Humwungamia Mungu, nafsi yake na mtu mwingine mmoja. Huwatengenezea aliowadhuru, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kutaleta dhara jipya. Kisha huwapelekea wengine habari hiyo. Miaka hiyo walikuwa wakijitenga na Oxford Group. Mtu huungama kwa hiari, kwa mmoja anayemwamini, na jina lake halitangazwi.

4. Kutoka chupa hadi ngono

Katika miaka ya 1970 watu waliokuwa watumwa wa ngono walianza kuzitumia hatua hizo hizo. Sex and Love Addicts Anonymous ilianza Boston mwaka 1976, Sex Addicts Anonymous ikafuata Minneapolis mwaka 1977, na Sexaholics Anonymous ikaanza California miaka hiyo hiyo.

Hapa lilizuka swali gumu. Mlevi huiacha pombe yote; lakini ngono ni kipawa cha Mungu katika ndoa, basi kiasi ni nini? Sexaholics Anonymous walijibu kwamba kiasi ni kutofanya ngono nje ya ndoa, pamoja na kuishinda tamaa hatua kwa hatua. Sex Addicts Anonymous walimwachia kila mtu aandike mipaka yake kwa msaada wa mwenzake aliyemtangulia. Mchungaji anayemtuma mtu huko hana budi kuijua tofauti hiyo.

Wataalamu wa tiba nao hawajaafikiana. Mwongozo wa Marekani wa magonjwa ya akili wa mwaka 2013 haukuupokea ugonjwa huu. Orodha ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 2022, iliupokea, si kama uraibu bali kama kushindwa kuzuia msukumo, ikatahadharisha kwamba majuto ya kimaadili peke yake hayatoshi kumhesabu mtu kuwa mgonjwa. Basi tusimwite kila mzinzi mraibu, wala tusimwite kila mraibu mnafiki.

5. Urithi wetu

Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 11, lafundisha kwamba ondoleo la mtu mmoja mmoja lidumishwe makanisani, ingawa si lazima kutaja kila dhambi. Luther mwenyewe, katika mahubiri yake ya Wittenberg ya mwaka 1522, alikataa maungamo ya kulazimishwa, lakini akasema hatakubali kunyang'anywa maungamo ya siri. Tena mwaka 1935, mwaka ule ule wa Akron, Dietrich Bonhoeffer alianza kuongoza seminari ya Finkenwalde, akawahimiza wanafunzi wake waungamiane ndugu kwa ndugu.

Hata hivyo ushirika wa hatua una upungufu. Msikilizaji wa hatua ya tano husikia, hutunza siri, hukaa karibu. Lakini hatamki ondoleo kwa jina la Kristo. Sisi tunalo neno hilo, ila mara nyingi hatuna sikio. Mtu wetu akisema siri yake, anaogopa kuisikia kesho katika baraza la wazee.

6. Hitimisho

Historia hii yatudai mambo matatu. Kwanza, mchungaji atenge saa ya maungamo ya siri, na aliyoyasikia humo yafe naye. Pili, asimwache aliyeungama peke yake, bali amtafutie mwenzake aliyepita njia hiyo, kwa kuwa ondoleo hutolewa mara moja, lakini mazoea hushindwa siku kwa siku. Tatu, pale ambapo mtoto au mtu mwingine yeyote anadhuriwa, ulinzi wa aliyedhuriwa utangulie, na aliyetenda ahimizwe kujisalimisha kwa wenye mamlaka. Hatua haziwi pazia la ukatili.

Na tusisahau kwamba anayebisha hodi usiku kwa ajili ya jambo hili aweza kuwa mchungaji mwenzetu. Yeye naye ana haki ya kusikilizwa na kutamkiwa ondoleo.