Bamba la Adapta kwa Kipimio cha Sumaku cha Alaimenti

Bamba la adapta ni kipande cha chuma au alumini kinachokerezwa na kufungwa kwenye gurudumu la gari ili kukipa kipimio cha zamani cha alaimenti uso bapa wa kushikia, pale ambapo habu ya gari hilo haina uso wa namna hiyo. Vipimio vinavyohusika ni vile vinavyofanya kazi kama pimamaji, yaani vyenye mirija ya kioo iliyojaa kimiminika na povu la hewa, ambavyo vilitumika sana katika gereji za Marekani katika karne ya 20, na ambavyo nyuma yake vina sumaku ya mviringo na kipini cha springi katikati. Vilikusudiwa magari yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma: fundi aliondoa kifuniko cha grisi, akakigandisha kipimio kwenye ncha ya habu iliyokerezwa, na kipini kikaingia katika kitundu kilicho katikati ya ncha ya spindo, hivyo kipimio kikakaa sawa na mhimili wa gurudumu.

Kipimio hiki husoma pembe mbili. Kemba ni kiasi ambacho gurudumu limeinama kutoka mstari wima linapotazamwa kutoka mbele ya gari, na husomwa moja kwa moja. Kasta ni mwinamo wa mhimili wa usukani gari linapotazamwa kutoka ubavuni, nayo hupatikana kwa kuligeuza gurudumu digrii 20 upande mmoja, kisha digrii 20 upande wa pili, na kuangalia kemba imebadilika kiasi gani. Badiliko hilo likizidishwa kwa takriban 1.46 hutoa kasta, hesabu ambayo kwa kawaida imekwisha kuwekwa kwenye skeli ya kipimio.

Volkswagen ya mgongo wa kobe inaonyesha vizuri kwa nini bamba huhitajika. Spindo yake ya mbele kushoto ina tundu linalopitisha waya wa spidomita, na mwisho wa waya huo hutokeza katika tundu la mraba la kifuniko cha grisi, kwa kuwa kifuniko hicho kinachozunguka na gurudumu ndicho kinachouendesha; kwa hiyo kipini cha kipimio hakina mahali pa kukaa. Bamba humaliza tatizo hilo kwa kukisogeza kipimio nje na kukipa kitundu kipya cha katikati.

Magari hayo hadi mwaka 1967 kwa kawaida yalikuwa na boliti 5 katika duara la milimita 205, na kwa boliti tano umbali kati ya vitovu vya matundu mawili jirani ni kipenyo cha duara mara 0.588, yaani milimita 120.5. Bamba la mviringo lenye kipenyo cha milimita 250 na unene wa milimita 10 lina takriban kilo 3.9 likiwa la chuma na kilo 1.3 likiwa la alumini. Wepesi wa alumini unavutia, ila sumaku haiishiki, na ni lazima kisahani cha chuma kipachikwe katikati. Bamba hukalia mabega ya boliti ndefu zinazochukua nafasi ya zile za kawaida, zikibadilishwa moja baada ya nyingine ili gurudumu lisilegee.

Ni rahisi kudhani kwamba ugumu wote uko katika kutoboa matundu. Lakini tundu likipanuliwa kidogo halidhuru kitu, ilhali bega moja likizidi mengine huharibu kipimo chote: bamba likiinama milimita 0.1 katika upana wa milimita 150, kosa ni dakika 2.3 za digrii, na likiinama milimita nzima kosa linafika dakika 23, zaidi ya theluthi ya digrii, ambayo kwa gari la namna hii ni karibu sawa na kemba yenyewe inayotafutwa. Kwa sababu hiyo nyuso mbili za bamba hukerezwa ziwe sambamba, na mabega hupimwa kwa maikromita.

Hata hivyo kosa linalobaki linaweza kuondolewa bila mashine yoyote. Kemba husomwa, gari likasukumwa mpaka gurudumu lizunguke nusu duara, kipimio kikageuzwa juu ya bamba hadi kikae wima tena, kisha kemba ikasomwa mara ya pili. Wastani wa visomo hivyo viwili ndio kemba halisi, kwa kuwa kosa la bamba liliongeza mara moja na kupunguza mara moja. Kwa kasta, kosa la bamba hujifuta lenyewe katika tofauti, mradi gurudumu lisibiringike wakati wa kugeuzwa, na ndiyo maana breki hukandamizwa na kushikiliwa muda wote wa kipimo hicho.

Bamba lenye matundu katika duara la milimita 165.1 hufaa Land Rover za Series, ambazo ekseli yao ngumu haina mahali pa kurekebisha kemba. Huko kisomo hutumika kuchunguza uharibifu: kemba iliyokusudiwa ni digrii 1.5, na kisomo kikienda mbali na hapo, fundi hukagua beringi za gurudumu, pini za usukani, kisha unyoofu wa ekseli.