Saa ya Cheche: Habari za Moto wa Pikipiki za Kale

Wazee wa Ufipa waliyeyusha chuma katika malungu, yaani matanuru ya udongo yaliyopita kimo cha mtu. Matanuru hayo hayakuvukutwa. Yalivuta hewa yenyewe kwa matundu ya chini. Wayeyusha chuma walijua ya kuwa moto usipopata hewa kwa kadiri yake, kazi yote imekuwa bure. Leo twataka kunena habari za moto mwingine, mdogo sana, nao hutaka si kadiri tu, bali na saa yake. Ni cheche iwashayo petroli ndani ya pikipiki ya kale.

Katika silinda ya mashine, pistoni hupanda na kubana hewa iliyochanganyika na petroli, kisha cheche huruka katika plagi. Mtu aweza kudhani kwamba yapasa iruke pistoni ikiisha kufika kileleni. Sivyo. Moto nao una mwendo wake. Wahitaji kama sehemu mbili za elfu za sekunde kuenea. Mashine izungukayo mara 3,000 kwa dakika huwa imekwisha kupita sehemu ya kumi ya duara katika muda huo. Basi hapana budi cheche itangulie. Ikichelewa, nguvu hupotea na mashine hupata joto. Ikiwahi mno, moto huisukuma pistoni ingali ikipanda. Mashine hugonga kama nyundo, na mwisho pistoni yaweza kutoboka.

Jambo hili halikujulikana kwa siku moja. Pikipiki ya Gottlieb Daimler, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1885, iliwashwa kwa mrija uliopashwa moto, na mpandaji hakuweza kuigeuza saa ya moto wake. Mwaka 1895 De Dion na Bouton wa Ufaransa walitumia cheche ya umeme wa betri, na mashine yao ndogo ikaenda mbio kupita zilizoitangulia. Mwaka 1902 Gottlob Honold, fundi wa Robert Bosch huko Stuttgart, akakamilisha magineto itoayo cheche kali pasipo betri.

Hapo saa ya cheche ikatiwa mkononi mwa mpandaji. Katika pikipiki nyingi za zamani, kama BSA M20 iliyotumiwa sana na majeshi ya Uingereza katika vita vya 1939 hata 1945, kuna mkono mdogo kwenye usukani uwezao kuiwahisha cheche au kuichelewesha. Wakati wa kupiga kiki, cheche ilicheleweshwa. Aliyesahau alirudishiwa kiki kwa nguvu, na wako waliovunjika mguu kwa kusahau huko.

Sasa tufikiri safari ya pikipiki hiyo kutoka Kasanga, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, hata Sumbawanga, mpando wa mita 1,000 hivi. Mlimani, mashine ikilemewa na mwendo ukipungua, mpandaji huichelewesha cheche kidogo ili isigonge. Akiisha kufika juu, Ufipa penye upepo, hewa ni nyepesi kuliko ile ya ziwani, na mchanganyiko huungua polepole zaidi. Hapo mashine hupenda cheche itangulie kidogo zaidi. Kwa hiyo fundi aliyejifunza pwani hapaswi kuamini kitabu peke yake. Yampasa aisikilize mashine.

Tena asianze kugeuza saa kabla ya kupima pointi, vile vipande viwili vya chuma vigusanavyo na kuachana ndani ya magineto. Katika magineto ya Lucas nafasi yake ni milimita 0.3 hivi. Nafasi ikizidi, pointi hufunguka mapema, na cheche huwahi bila mtu kuigusa.

Baadaye vizito vidogo vilivyotawanyika kwa kasi ya mzunguko vilichukua kazi ya ule mkono, na siku hizi hufanywa na vyombo vya elektroniki. Mpandaji amepumzika, lakini sheria haikubadilika. Wahenga walitwambia haraka haraka haina baraka. Wakatwambia pia ngoja ngoja huumiza matumbo. Wako wadhanio kuwa maneno haya mawili yapingana. Aliyewahi kuitengeneza magineto ajua ya kuwa yote mawili ni kweli, na kwamba ufundi ni kuijua saa iliyo kati yake.